Wimbo wa Kumpandisha Baba Ngazi

Jumamosi, 8 Oktoba 1994

Elinaza, binamu yangu, daftari hili ni la mimi na wewe tu. Uchaguzi ukiisha nitalituma Masasi kwa basi. Naahidi kuandika kila kitu, hata mambo ya kuniaibisha. Sitarajii yatakuwepo.

Habari kubwa: Baba anagombea udiwani! Baba yangu mwenyewe, Venance Kasiani, aliyepunguzwa kazi kiwandani Chang'ombe mwezi wa tatu. Wewe hukumwona alivyokuwa. Miezi sita alikaa uani akitazama ukuta wa jirani. Akitumwa dukani, anasema jua kali. Mawingu yakitanda, jua bado kali. Kisha Chama cha Ngazi kikaja kumwomba agombee, na siku ya pili akatoka nje. Sasa anatembea nyumba kwa nyumba, anarudi na vumbi hadi magotini. Lakini nimemsikia akimwambia Mama kwamba akishindwa hatakuwa na uso wa kupita tena mtaani.

Basi hatashindwa. Nimeamua.

Tatizo ni moja. Mpinzani wake, Bwana Fakihi wa Chama cha Taa, ana duka la saruji, pikapu, vipaza sauti viwili na wimbo. Vijana wake wanaupiga kimchiriku, kwa kinanda cha Casio na ngoma: “Giza limekwisha, mama, Fakihi kaleta taa!” Ni hayo tu. Mara arobaini. Hauna vina. Hauna mizani. Hauna hata ukweli, maana umeme umekatika tangu Alhamisi. Na Temeke nzima inauimba! Jioni Mama alikuwa anasonga ugali huku akiimba. Tulisikiliza vizuri. Fakihi kaleta taa. Baba aliacha chakula nusu.

Shuleni nakaa dawati moja na Najat, mtoto wa dada yake Fakihi. Jana aliniuliza mbele ya darasa zima kama sie wa Ngazi tuna wimbo au tunapigaga miluzi tu. Nikamjibu tunao. Hatuna.

Kesho nautunga.

Jumanne, 11 Oktoba

Nimetunga shairi la beti kumi na moja. Mizani kumi na sita kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho, kituo kimoja. Nalinukuu hapa kwa ajili ya kumbukumbu:

Sikizeni nawambia, wanawake na waume,
Baba yangu mgombea, asemalo mlipime.

Mwalimu wa Kiswahili alinipa kumi na nane juu ya ishirini. Alipunguza mbili kwa sababu ubeti wa sita unazungumzia uchumi huria na eti haueleweki. Uchumi huria wenyewe haueleweki, hilo si kosa langu.

Leo mkutano wa kwanza, uwanja wa mashine ya kusaga. Walikuja watu ishirini na wawili, sikuhesabu watoto. Nilisimama na sare yangu iliyopigwa pasi, nikaghani. Ubeti wa tatu, mzee mmoja akanyoosha mkono kuuliza kama bado kuna beti nyingi, maana yeye alikuja kwa habari ya maji. Ubeti wa saba ikapita pikapu ya Taa. Watoto wakaikimbilia. Mama zao wakawakimbilia watoto. Nilipofika ubeti wa kumi na moja walibaki Baba, Mama na mtu mmoja makini sana, hakutikisika. Baadaye tuligundua alikuwa anangoja kuchukua viti vyake vya kukodi.

Baba alipiga makofi peke yake mpaka viganja vikawa vyekundu. Akasema hajawahi kusikia shairi refu namna ile. Nilijisikia vizuri mno.

Shairi halina kosa. Kosa ni la wasikilizaji, wengi hawajafika kidato cha pili.

Ijumaa, 14 Oktoba

Mpango wa kaseti. Fikiria: kila kinyozi siku hizi ana redio kaseti. Mtu akikaa kunyolewa hawezi kukimbia. Atasikiliza!

Kaseti tupu hatuna, nikachukua ya Mama ya kwaya. Nikamtambulisha Baba kwa sauti ya heshima, kama tunavyofundishwa kusoma mbele ya watu. Kwamba Bwana Venance Kasiani alizaliwa Masasi mwaka 1949. Kwamba alifanya kazi miaka ishirini na moja bila doa. Kwamba aliwapenda majirani zake na ameacha alama kila alipopita. Betri zilikuwa zimechoka, kwa hiyo sauti ilitoka nzito na ya polepole. Niliona inafaa. Baada yangu nilimwachia Baba nafasi ya kusema mwenyewe, lakini alikuwa kikaoni na sikuweza kumsubiri. Nafasi ikabaki na kilichokuwamo tangu mwanzo. Kilichokuwamo ni wimbo wa kwaya wa kumsindikiza marehemu.

Haya yaliyofuata nimesimuliwa na Mama, ambaye bado hanisemeshi vizuri.

Kinyozi, niliyempa kaseti nikienda shule, aliicheza saa nne asubuhi. Saa tano jirani wa kwanza akaingia na mkeka. Saa sita wanaume wakawa wanapanga mabenchi nje. Bibi Mwamvita, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akaja na sufuria la chai, akamkumbatia Mama, akamwambia lia mwanangu, usijikaze. Mama alikuwa anachambua mchele. Akaanza kulia kwanza, ndipo akauliza nani amekufa.

Baba alirudi saa nane. Akaona watu, akavua kofia, akauliza kwa sauti ya chini kuna nini. Mzee wa mwisho kwenye benchi, bila kugeuka, akamjibu: “Venance wa Ngazi, masikini. Mtu mwema yule.” Baba akaketi pembeni yake. Akasikiliza! Alisikiliza karibu nusu saa, namna alivyowagawia watu maji mwaka ule wa kipindupindu, namna asivyokuwa na majivuno. Mpaka Bwana Fakihi alipofika na mfuko wa sukari kutoa pole, akampa mkono kila mtu kwenye benchi, na wa mwisho akawa marehemu.

Bibi Mwamvita alicheka hadi akafunga tumbo kwa kanga. Akasema watu wa kuja wana vituko, hata kufa hawajui.

Sukari haikurudishwa. Na angalia hesabu, Elinaza: mkutano wa Jumanne watu ishirini na wawili, msiba wa leo watu sitini. Kaseti ni jambo kubwa. Jioni Baba alirudisha mabenchi ya watu. Kisha akasema hakujua kama watu wanamwona hivyo. Alisema mara mbili.

Jumapili, 16 Oktoba

Nimepata! Nimepata! Nimepata!

Tangu jana kwa Bibi Mwamvita kuna ngoma. Anamtoa mwali. Yeye ndiye kungwi mkubwa wa mtaa huu, wanawake wote wa Kizaramo anawafunda yeye. Mimi siruhusiwi kwenda. Mama alilelewa na masista, anasema mambo ya unyagoni hayatuhusu, tusome vitabu. Ni sawa. Lakini ukuta ni wa mabati na mimi nina masikio.

Saa kumi wakaanza wimbo mmoja. Elinaza, wimbo! Maneno sikuyapata, walikuwa wanayasema chinichini. Ila sauti yake inapanda mara nne kwa haraka, inanyamaza kidogo, kisha makofi matatu: pa, pa, pa. Miguu yangu ilicheza bila ruhusa yangu. Kuku wetu aliacha kula.

Nikachungulia mlangoni, nikahesabu waliokuwa wanatoka. Wanawake sitini na wanne, bibi kwa wajukuu, na kila mmoja alikuwa bado anavuma ule wimbo puani.

Hapo ndipo nikaelewa siasa. Fakihi anahangaika kuwafundisha watu wimbo mpya. Sie tutawapa wimbo ambao tayari wanao! Sauti ya kwao, maneno yangu. Wapigakura wengi wa kata hii ni wanawake, Baba mwenyewe amesema.

Maneno yamekamilika kabla ya chakula cha jioni:

Mpandishe, mpandishe, mpandishe Venance! (pa, pa, pa)

Nimejinyima vina kwa makusudi. Naanza kukua kisanii.

Jumatatu, 17 Oktoba

Mtunzi makini hujaribu kazi yake kwanza. Asubuhi nilikwenda bombani na ndoo, foleni ya kina mama kumi na tano, nikaanza kuuvuma. Bila maneno. Polepole, kama mtu asiye na habari.

Matokeo yalizidi matumaini. Wa kwanza akageuka. Wa pili akaziba mdomo kwa kanga. Ndoo moja ikaanguka. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliinama kwa kicheko mpaka mtoto akatokezea kichwani. Wakaniuliza nani kanifundisha. Nikajibu kwa unyenyekevu kwamba nimeutunga mwenyewe. Wakacheka tena, wakashikana! Muuza maandazi mmoja tu hakucheka. Aliniambia mtoto wa watu, shika adabu yako, wimbo huo uache hapa hapa bombani. Wivu. Mwalimu alishatuambia kwamba kila msanii hupata adui wa kwanza nyumbani kwake.

Wamenipisha mbele ya foleni. Haijawahi kutokea.

Jumatano, 19 Oktoba

Nina bendi. Marijani, fundi wa gereji, ana kinanda kidogo na anaipenda Ngazi kwa sababu Fakihi alimkatalia saruji kwa mkopo. Wenzake wawili wanapiga ngoma. Wote wanaume, wote wepesi kuelewa. Nilipowavumia mara mbili wakawa wameushika.

Marijani alikunja uso. Alisema mbona kama ameshausikia zamani, akiwa mdogo sana, labda mgongoni kwa bibi yake. Nikamweleza hiyo ndiyo alama ya sauti nzuri, kila mtu huona kama anaijua. Akaridhika. Baba alikuja kusikiliza, akacheza kidogo mabega, akasema mwanangu, huu unaingia. Mama akasema una mdundo, lakini makofi ya nini? Nikamwambia makofi ndiyo roho yake.

Najat pia ameusikia. Nilikuwa naupiga kwa vidole juu ya dawati wakati wa jiografia. Alinishika mkono, macho yamemtoka. Akauliza ndio wimbo wenu? Mbele ya watu wote? Na wanaume ndio watakaouimba? Nikajibu ndio, Jumamosi. Akaiuma midomo. Kisha akaniambia ni wimbo mzuri kupita wa mjomba wake, na nisimwonyeshe mtu mzima yeyote hadi siku yenyewe, nisiharibu utamu.

Sikumtegemea kuwa muungwana kiasi hicho. Nimeandika jina lake katika orodha ya watu nitakaowaombea.

Jumamosi, 22 Oktoba

Siandiki kwa furaha. Lakini niliahidi.

Uwanja ulijaa. Ulijaa, Elinaza! Watu mia tatu, labda nne, wake kwa waume, wazee wa kijiwe cha kahawa mbele kabisa. Chama kilileta ngazi halisi ya mbao, imepakwa rangi ya kijani, na mpango wangu ulikuwa Baba apande kipandio kimoja kila makofi yanapopigwa.

Marijani akaanza. Baba kipandio cha kwanza. Na kweli ikawa kama nilivyosema! Wanawake wote walianza kutikisika. Viuno viliitikia kabla vichwa havijakumbuka. Bibi mmoja wa miaka themanini alikuwa tayari ameinua mkongojo. Makofi yakaja kutoka kila upande, pa, pa, pa, sawasawa kama walifanya mazoezi.

Kisha vichwa vikakumbuka.

Nilimwona mke wa muuza mkaa akimtazama mumewe anavyoimba kwa bidii. Akapiga ukelele. Akamziba masikio kwa mikono miwili! Wa pembeni yake naye akamziba wake. Dakika moja tu, uwanja mzima wake wanaziba masikio ya waume zao, waume wanauliza kuna nini, na bendi yangu inazidi kupandisha kwa kudhani ni shangwe. Mzee mmoja wa kahawa alifunikwa kanga kichwa kizima, akaongozwa nyumbani kama mbuzi wa mnada.

Bibi Mwamvita alipita katikati bila haraka. Akapanda jukwaani. Akavua kanga ya juu, akakifunika kinanda kama mtu anayefunika maiti. Kimya. Baba alikuwa kipandio cha tano, mikono juu, bado anacheza.

Bibi akamtazama. Akamwambia kesho baada ya alasiri aje kwake, na huyo binti yake asiachwe nyuma.

Uwanja ulibaki mtupu. Nyuma ya pikapu ya Taa nilimwona Najat ameketi chini kabisa kwa kucheka. Bibi yake mwenyewe alimwona pia, akaelewa kwamba mjukuu wake, aliyekwisha kutolewa mwali, aliujua wimbo na hakusema. Aliondoka naye kwa sikio. Hiyo ndiyo faraja pekee ya leo. Nimelifuta jina lake katika orodha.

Jumapili, 23 Oktoba

Sasa najua. Ule ni wimbo wa ndani. Huimbwa mwali akitolewa, na mwanamume hausikii tangu anapoacha kubebwa mgongoni mpaka anapozikwa. Na mimi nimewapa wanaume watatu wenye kipaza sauti.

Katibu wa chama alimsihi Baba asiende. Alisema huu ni wakati wa vyama vingi, biashara huria, kila kitu ruksa, wimbo nao hauna mwenyewe. Baba akamwambia bwana, mimi nimekaa miezi sita nautazama ukuta wa yule mama. Najua kilicho upande wa pili kina mwenyewe.

Tukaenda. Makungwi saba mkekani. Baba akavua viatu, akatoa shikamoo moja moja, saba zote, akaketi chini. Bibi Mwamvita akamwambia wimbo una mlango, baba, nyie mmeingilia dirishani tena na viatu. Akauliza nani aliyeuleta wimbo kwenye bendi.

Elinaza, hapo nilivuta pumzi. Baba akasema kampeni ni yake, wimbo ulipigwa kwa jina lake, kosa ni lake, na mtoto asiulizwe. Akainamisha kichwa mbele yao. Sijawahi kumwona mtu mkubwa namna ile ameketi chini namna ile.

Nilijivuna sana. Ingawa sielewi kwa nini alipoteza nafasi nzuri ya kunitaja kama mtunzi.

Faini: kuku jike mmoja, doti ya kanga, ubani, na wimbo usipigwe tena. Baba alikubali bila kuomba kupunguziwa. Nilipokuwa natoka, Bibi Mwamvita alinishika kidevu. Akasema sikio langu ni zuri, ila halina adabu. Nimeandika nusu ya kwanza kwa wino mwekundu.

Jumatano, 26 Oktoba

Faini imelipwa. Baba alimbeba kuku mwenyewe, kwapani, mchana kweupe, kupitia barabara kubwa, wakati njia ya uani ni hatua kumi. Alisema kosa lilifanyika hadharani, na kuku apite hadharani.

Kijiwe cha kahawa kilimshangilia kwa dhihaka. Mmoja alimwita Kungwi Venance. Mwingine akauliza lini anafundwa. Vijana wa Taa walikuwa na ubeti mpya kabla ya jioni: “Kapanda na ngazi, kashuka na kuku!” Nao hauna vina. Ila unaimbika, sikatai.

Baba aliwasalimia wote na kuku akawasalimia wote.

Marijani ana shida nyingine. Mama yake amemwapisha kwenye kizingiti asahau ule wimbo. Anasema kadiri anavyojitahidi kuusahau ndivyo unavyozidi kumwingia. Jana alikuwa chini ya gari la mteja akajikuta anapiga makofi matatu na spana mkononi. Jino moja linacheza.

Jumapili, 30 Oktoba

Kura. Foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi, shule ya msingi iliyo karibu nasi. Mimi sina umri, nikakaa chini ya dirisha la darasa la pili kuhesabu nyuso. Kina mama wengi walipopita walimpa Baba mkono, wengine kwa mikono miwili. Wanaume wengi walipita wakitazama viatu vyao. Wazee wa kahawa walikohoa.

Najat alikuja kusimama karibu nami. Haongei kwa majivuno tena, sikio bado limevimba. Aliniambia bibi yake amemkataza kuimba wimbo wowote mpaka mwaka uishe, hata wa mjomba wake. Nikamwambia pole. Akaniuliza kama naogopa. Nikamwambia hapana. Kisha nikamwambia ndiyo. Akanimegea nusu ya kashata yake. Tumekaa hapo mpaka masanduku yalipofungwa.

Baba hajala. Amekaa uani. Anautazama ukuta, Elinaza. Sijui nifanye nini.

Jumatatu, 31 Oktoba

Fakihi mia saba na mbili. Baba mia sita themanini na tatu.

Tumeshindwa kwa kura kumi na tisa.

Katibu alileta habari alfajiri, akaondoka bila kunywa chai. Mama akaingia ndani. Nilibaki na Baba uani. Nikaanza kumwambia pole, sauti ikanitoka vibaya. Yeye hakulia. Alirudia ile namba: mia sita themanini na tatu. Akasema alifanya kazi kiwandani miaka ishirini na moja na siku ya kumpunguza walimwita kwa namba ya kitambulisho. Sasa kuna watu mia sita themanini na tatu walioweka alama mbele ya jina lake, na kila mmoja alikuwa ameshamwona amebeba kuku.

Kisha akavaa viatu. Akatoka, Elinaza! Kupitia barabara kubwa, mpaka kwa Fakihi, kumpa hongera na kumuuliza bomba la pili la maji litawekwa lini. Nilimfuata kwa mbali. Wazee wa kahawa walimsogezea nafasi kwenye benchi, akasema asante, atarudi, ana shughuli. Ana shughuli! Nilitamani kupiga kelele mtaa mzima usikie.

Nilipita kwa Bibi Mwamvita kumrudishia sufuria lake. Akanieleza jambo ambalo limebadilisha kila kitu. Makungwi wote saba walimpa Baba kura, na wanawake wao karibu wote. Alisema mwanamume anayekuja kuketi chini na kukiri, huyo hata bombani atakiri maji yakikatika. Waliokataa ni wanaume. Waliona haya. Wameaibishwa mbele ya wake zao, wamefunikwa kanga, hawawezi kumpigia kura mtu aliyewafanya waongozwe kama mbuzi.

Umeona? Kumi na tisa! Wanaume kumi na tisa tu!

Kwa hiyo kazi yangu kwa wanawake ilifaulu kikamilifu. Kosa langu lilikuwa dogo: nilichagua wimbo wa upande mmoja. Mwakani ni uchaguzi mkubwa, chama kimeshamwomba Baba asimamie kampeni za kata, naye amekubali, na safari hii lazima tuwapate wanaume. Wanahitaji wimbo wao. Wimbo ambao kila mwanamume anaujua tangu utotoni na akiusikia tu damu inachemka.

Na hapo ndipo unapoingia wewe. Mdogo wako Leonardi si alitoka jandoni mwezi wa saba? Katika barua yako ulisema walirudi kutoka porini wanaimba, na wanawake wote mliambiwa mjifungie ndani mpaka wapite. Ulisema pia kwamba ukimwomba akuimbie anakasirika na kutoka nje. Usimwombe. Ngoja akiwa anaoga. Marijani yupo tayari, jino limeshang'olewa.

Dereva wa basi analala Masasi usiku mmoja tu na anarudi Dar kesho yake, kwa hiyo usichelewe, andika hata kwenye kipande cha karatasi na umkabidhi yeye mwenyewe: ule wimbo wa jandoni unapanda mara ngapi, na makofi yake ni mangapi?